Nimekuwa Nikimwongezea Mama Mkwe Chumvi kwa Siri

Mama mshauri wa ukurasa wa Alhamisi, shikamoo, naomba uninusuru kabla sijamdhuru mtu ambaye hajanikosea lolote, na nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo ya vifaa hapa kazini, nimekalia katoni la glavu, maana nyumbani siwezi kuandika, nyumbani kuna macho.

Mimi ni mpimaji wa maabara kwenye kituo cha afya, huu mwaka wa kumi na moja, ni mimi ninayemfunga mtu mpira mkononi na kumwambia akunje ngumi na asiangalie, nina mume ambaye ni fundi wa lifti, na tunaishi na mama yake ghorofa ya tatu katika jengo ambalo lifti yake, uamini usiamini, haijawahi kufanya kazi tangu tuhamie, watu wamemcheka mume wangu kwa hilo mpaka wamechoka wenyewe. Mama mkwe alikuwa karani wa masjala miaka thelathini na miwili, jengo zima linamwita Masjala, na alistaafu na muhuri wake wa tarehe, ule wa kuzungusha namba kwa kidole, kwa hiyo kila karatasi inayoingia kwetu hugongwa muhuri, hutobolewa tundu na kuingia kwenye faili, hata kadi za harusi, hata maelekezo ya pasi ya umeme.

Mama alikuwa mnene, nasema bila dharau kwa sababu mwenyewe alikuwa akisema, "Mimi ni kabati la ofisi, nikishawekwa sihamishwi." Kilo mia moja na nne, presha mia na sabini na kitu hata baada ya vidonge, na vidonge vyenyewe viwili kila asubuhi, kimoja cha kushusha presha na kingine cha kukojoza, na bado miguu ilikuwa ikivimba mpaka soksi zinamwachia mifereji. Sasa siku moja mwaka jana ngazi zilimshinda kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, akakaa palepale na mfuko wa mboga mapajani, majirani wawili wakaleta kiti wakambeba juu, watu wanachungulia milangoni, wengine wanatoa maelekezo, na alipoingia ndani alivua kitambaa, akajifuta uso, akasema, "Mara nyingine nikibebwa kwenye ngazi hizi nitakuwa nimeshakufa. Mpaka siku hiyo nitapanda mwenyewe." Kesho yake akafungua faili jipya, juu akaandika kwa herufi kubwa: MWILI.

Mama mshauri, mimi nimeona watu wengi wakiahidi kupungua, nawaona kila wiki, lakini kama huyu sijawahi kuona. Aliacha sukari siku moja kama mtu anayeacha kazi, akagawa sahani nusu kwa nusu, akaanza kushuka ngazi kumi na kupanda kumi, wiki iliyofuata kumi na tano, kila Jumamosi asubuhi anapanda mizani, anaandika, anagonga muhuri. Miezi kumi ikapita hivyo bila kelele, kilo zikafika themanini na moja, na mambo yakaanza kutokea ambayo mimi mtu wa vipimo nilibaki mdomo wazi, pete ya ndoa iliyokuwa imezama kwenye kidole ikatoka yenyewe akiosha vyombo, mito mitatu ya kulalia ikabaki mmoja, na asubuhi moja nikasikia ananiita chumbani kwake kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, nikakimbia nikijua ameanguka, kumbe amekaa kitandani amenyoosha mguu. "Njoo uone," akaniambia, "nina kifundo." Hakuwa amekiona kwa miaka ishirini. Tuliinama wote wawili tukakitazama kile kifupa kama watu wanaotazama mtoto aliyezaliwa usiku ule, mimi nikagusa, yeye akagusa, tukacheka mpaka machozi.

Sasa kosa langu. Kabla hajaanza kupungua tuliletewa mashine mpya ya kupima homoni ya moyo, na mimi kabla ya hapo nilijua moyo ni pampu tu, kwamba unatoa homoni na homoni hiyo inapimika kwenye damu nilishangaa siku nzima. Aliyetufungia mashine akasema tuijaribu kwa damu ya watu wasio na ugonjwa wa moyo, na siku hiyo nilikuwa na damu ya mama iliyobaki baada ya kipimo cha figo, nikaiweka, ikatoka tisa. Nikafurahi sana, maana ukutani juu ya mashine tumebandika karatasi inayosema kadiri namba inavyopanda ndivyo moyo unavyoelemewa, na wanaoletwa kwetu wakihema hutoa elfu mbili, elfu tatu, kwa hiyo nikajisemea, huyu unene ni wa nje tu, moyo wake mzima. Sikuandika daftarini kwa sababu hakuna daktari aliyeagiza, na mama sikumwambia.

Mwezi uliopita alikuja kwa vipimo vyake vya kawaida, nikamtoa damu mwenyewe, ikabaki kidogo, nikaiweka tena kwenye ile mashine, na safari hii ilikuwa kwa majivuno, nilitaka tisa ishuke iwe nne nimpelekee kama zawadi. Ikatoka ishirini na saba. Nikarudia, ishirini na sita. Nikabadilisha kila kinachobadilishika, ishirini na saba. Mara tatu ya ile ya kwanza, Mama mshauri, na wiki hiyohiyo mama alikuwa akinyanyuka kwenye kiti anashika meza na kusema dunia imezunguka kidogo, nikampima presha, tisini na nane kwa sitini, nikaunganisha mwenyewe kichwani, homoni inapanda, presha inashuka, huu moyo unakata tamaa, na kinachoumaliza ni huku kupungua.

Kumuuliza daktari sikuweza, angeuliza nani aliagiza kipimo, na kwa ruhusa ya nani, na kazi yangu ingekuwa mashakani, kwa hiyo nikafanya uamuzi wangu jikoni. Chakula cha mama hupikwa kando na ninayekipika ni mimi, karibu hakina chumvi, nikaanza kutia mafuta kijiko kwenye mboga zake, maziwa ya unga kwenye uji wake, na chumvi, kwanza kidogo, halafu kidogo tena, ili presha ipande na mwili urudi. Wiki tatu sasa. Kilo zimefika themanini na nne, presha imepanda kweli, lakini na soksi zimeanza kumwachia alama tena, na mimi ninayejua kwamba kuvimba miguu ni dalili ya moyo kushindwa nimezidi kuchanganyikiwa, sijui ni moyo, sijui ni mimi, niongeze au niache.

Lakini hiyo bado siyo inayonila. Jumamosi iliyopita alipanda mizani akashuka, akavua saa akapanda, akavua kitambaa cha kichwa akapanda mara ya tatu, mume wangu akapita na kikombe chake akamtania, "Mama, sema kweli, unaiba chakula tukienda kazini?" Akacheka peke yake. Mama akazungusha muhuri, akagonga, akaandika themanini na nne, na chini yake, mahali ambapo huwa haandiki kitu, akaandika: Sijui ninachokosea. Tangu siku hiyo ile nusu sahani anaibakiza nusu, ngazi anapanda mara mbili kwa siku na huku kizunguzungu hakijaisha, namsikia anavyoshika ukuta, na juzi akiwa amekaa na mimi jikoni aliniambia, "Chakula chako siku hizi kitamu, mwanangu, labda ndiyo maana najisahau." Kisha akaniuliza, "Wewe ni mtu wa vipimo, hivi kuna watu ambao mwili wao unawakataa tu?" Nikasema sijui, mama, nikageukia sufuria.

Nikimwambia, mume wangu atajua, na mawifi watajua, na itakuwa mkamwana amemtilia mama mkwe kitu kwenye chakula, unajua neno hilo linavyosambaa. Nikinyamaza na moyo wake kweli unakufa, nitakuwa nimemuua. Naomba unijibu upesi, na ukikataa kunihurumia nitaelewa.

Mkamwana, ghorofa ya tatu.

*

Mkamwana, marahaba.

Barua yako sikuipanga foleni. Uliacha namba ya simu chini, nimekupigia mara mbili hukupokea, nikakutumia ujumbe wa maneno manne: Acha chumvi leo hii. Umeusoma, nimeona umeusoma, na hujajibu. Basi nakujibu mbele ya watu, ukome.

Kwanza nikugombeze, tukimaliza hapo tutaongea vizuri. Umechukua damu ya mtu mzima mwenye akili zake ukaipima kitu ambacho hakukuruhusu, si mara moja, mara mbili. Hiyo damu ulipewa kwa kazi nyingine. Halafu ukasoma namba moja kwa woga, ukajipa udaktari, ukaandika dawa, na dawa yenyewe ukaichota kwenye kopo la chumvi. Mwanamke ambaye jengo zima linajua amekula chumvi nyingi, wewe ukaona bado haijamtosha! Unamwonea huruma anavyoshika ukuta, na unajua kwa nini mizani inapanda, na bado kesho yake unapakua tena. Wiki tatu! Ningekuwa wifi yako ningekushika masikio.

Haya. Sasa sogea karibu, maana nina jambo la kukuambia ambalo tangu Jumatatu linanizunguka kichwani na sijalimaliza kulishangaa.

Barua yako nilimsomea daktari wa moyo anayenisaidia na maswali yenu ya afya. Ni mtu wa maneno machache, huwa ananijibu kama anayelipia kila neno. Nilipofika pale pa tisa na ishirini na saba nilitegemea ashtuke. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Hebu rudia namba hizo." Nikarudia. Akatabasamu, huyu mtu ambaye sijawahi kuona meno yake, akasema, "Inawezekana kabisa huyo mama yuko vizuri kuliko alivyokuwa mwaka jana."

Nikamwuliza, vizuri vipi na homoni imepanda mara tatu? Basi akaanza kueleza, na akaeleza mpaka chai ikapoa.

Sikiliza, mpimaji, na karatasi yako ya ukutani uiweke kando kidogo. Moyo kweli ni pampu, lakini pia unaandika barua. Damu ikiujaza na kuzinyoosha kuta zake, unatoa hiyo homoni, na homoni inasafiri mpaka kwenye figo na ujumbe mmoja: nimejaa, toeni chumvi, toeni maji, legezeni mishipa. Figo zikiupata ujumbe, chumvi inatoka kwenye mkojo, maji yanaifuata, presha inashuka, moyo unapumua. Unafanya hivyo ukiwa umelala, ukiwa unasonya, ukiwa unaandika barua kwenye stoo juu ya katoni la glavu.

Sasa kwa mtu mwenye unene mkubwa, daktari anasema, ujumbe huo mara nyingi unakuwa mchache kuliko inavyotakiwa. Moyo unaelemewa, damu ni nyingi, mwili umeshika chumvi, ungetegemea barua zimiminike, lakini zinazopatikana kwenye damu ni chache. Sababu zake bado wanazichunguza. Inaonekana homoni yenyewe inatengenezwa kidogo, na mafuta ya mwilini nayo yana vinasio, kama mitego midogo, vya kuidaka na kuiondoa njiani. Wakati huohuo homoni nyingine, zile zinazoziambia figo zishike chumvi, zinakuwa juu. Kwa hiyo figo zinang'ang'ania chumvi, na hazikubali kuitoa mpaka presha iwe kubwa ya kuzisukuma. Ndiyo ile mia na sabini. Ndizo zile soksi na ile mifereji yake.

Umeelewa ulichokuwa umeshika mkononi siku ile ulipofurahi? Tisa haikuwa cheti cha afya njema. Kwa mwili wa kilo mia moja na nne wenye presha ile, tisa huenda ilikuwa moyo unaohitaji kuomba msaada na sauti haiutoki.

Kisha yule mama akaanza kushuka ngazi kumi na kupanda kumi.

Daktari anasema watu wanene wanapopungua sana, imeonekana homoni hii inaweza kupanda, na isiwe kwa sababu moyo umechoka. Inapanda kwa sababu kizuizi kimepungua. Ujumbe unafika. Figo zinakubali kuachia chumvi hata presha ikiwa ya chini, zile homoni za kung'ang'ania zinatulia, maji yanaondoka, pete inatoka kidoleni, mito inapungua, na kifundo cha mguu kinajitokeza baada ya miaka ishirini. Nyinyi wawili mliinama kukitazama bila kujua mnatazama nini! Mlikuwa mnatazama figo zikiitika. Nilipoelewa hapo niliweka mkono kifuani, mbele ya daktari, bila aibu. Miaka kumi na tisa najibu barua za mioyo kwenye ukurasa huu, ya walioachwa, ya waliodanganywa, ya wanaopenda wasipopendwa, na sikuwahi kujua kwamba moyo wenyewe, huu wa nyama, siku zote una mtu unayemwandikia.

Nikamwuliza daktari, kwa hiyo namba ikipanda ni sherehe? Akanikata hapohapo. Sivyo. Kwa mgonjwa anayeletwa kwenu akihema na namba ya elfu mbili, hiyo ni hatari, na karatasi yenu ya ukutani inasema kweli. Ishirini na saba bado iko ndani ya kiwango cha mtu asiye na tatizo, na mashine yako haikuipigia kelele, kelele ulipiga wewe. Lakini namba peke yake haisemi kitu mpaka mtu mwenyewe asikilizwe kifua, apimwe, aulizwe anavyopumua. Yeye hajamwona mama yako, kwa hiyo hakuapa. Alisema: huenda kabisa, na aletwe aonekane.

Na kile kizunguzungu? Hapo alikunja uso, na wewe kunja wako. Nguo za mama mkwe wako mmezipunguza, sivyo? Fundi cherehani amezibana ubavuni. Vidonge je, nani amevibana? Vile vilipimwa kwa mwili wa kilo mia moja na nne ulioshika chumvi na maji. Sasa kuna mwili wa themanini na moja ambao figo zake zimeanza kufanya kazi hiyo zenyewe, na bado kila asubuhi unamezeshwa dawa ya kushusha na dawa ya kukojoza kwa kipimo kilekile cha zamani. Presha itaacha kufika tisini na nane? Moyo haukuwa unakata tamaa, mwanangu. Ulikuwa umepata msaada, na msaada ukawa umezidi.

Jibu lilikuwa kumrudisha kwa daktari wake apunguziwe dawa. Wewe ukamrudishia ugonjwa. Ile miguu inayovimba ni chumvi yako, na huenda sehemu kubwa ya kilo zile tatu ni maji ambayo chumvi yako imeyashika. Umemvimbisha, kisha ukaona uvimbe, kisha uvimbe ukakutisha. Nakuonea huruma kweli, maana naona ulikuwa unampenda ulipokuwa unafanya hivyo, lakini mapenzi yako yangemwangusha kwenye ngazi.

Sasa ya kufanya, na sitaki mjadala.

Chakula chake kirudi kilivyokuwa, kuanzia sahani ya leo. Vidonge usiviguse, wala usimwambie aviache au avikate, si kazi yako na si kazi yangu. Ampigie daktari wake leo, aonwe kesho au keshokutwa, si wiki ijayo, na aende na faili lake lote, maana nakuapia hakuna mgonjwa atakayempelekea yule daktari kumbukumbu nzuri kuliko zile. Mpaka atakapoonwa, ngazi za ziada apumzike, akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, akinyanyuka anyanyuke pole pole. Akizimia, akibanwa kifua au pumzi ikimpungua, hospitali saa hiyohiyo, na mbio.

Daktari ataambiwa yote. Vijiko, maziwa ya unga, chumvi, tangu tarehe gani. Ziandike wewe mwenyewe kwenye faili la MWILI, kwa mwandiko wako, chini ya yale maneno aliyoyaandika Jumamosi. Kama atagonga muhuri juu yake, agonge. Umechafua kumbukumbu za mtu aliyetunza kumbukumbu miaka thelathini na miwili, usafi huo hakufanyii mwingine.

Kazini nenda kwa msimamizi wako kabla hajaja yeye kwako. Sema ulipima bila agizo na bila ruhusa. Utaandikiwa onyo, labda zaidi ya onyo, sijui, na sitakudanganya kwamba haitauma. Na ukiwa huko, omba daktari awaelimishe wote kuhusu namba hii kwa watu wanene, maana kama wewe wa miaka kumi na moja ilikubabaisha, kuna mwenzako wa mwaka mmoja ambaye tisa itamfurahisha kesho.

Mawifi watasema? Watasema. Wakiambiwa na wewe watasema mwezi mmoja, wakigundua wenyewe watasema mpaka mazishi yako. Lakini wao si wa kwanza, na mume wako pia si wa kwanza, hata kama ni mwanawe. Mwili ni wa mama. Aambiwe yeye peke yake, halafu aamue mwenyewe nani mwingine ajue. Na yule fundi wa lifti ana utani wake wa kwenda kuuombea radhi, mwambie nimesema.

Sasa najua unachofikiria. Unafikiria utaanza na ile homoni. Utamweleza kwanza moyo, figo, chumvi, umshangaze, akiwa bado anashangaa umpitishie kosa lako kwa pembeni. Usithubutu. Habari ya moyo wake ni nzuri mno kutumika hivyo, na ataihitaji baadaye, akishakukasirikia mpaka akamaliza.

Kuna mwanamke kwenye nyumba yako ambaye amefanya jambo kubwa kuliko mengi niliyoyasoma katika barua zenu zote, amefungua njia ndani ya kifua chake mwenyewe, na leo amekaa anajiona mwizi. Kila sahani anayoibakiza anajiadhibu kwa kosa lako. Hilo ndilo lisiloweza kusubiri daktari.

Kwa hiyo piga moyo konde, zima jiko, kaa mbele yake, umshike mkono ule ambao umezoea kuufunga mpira. Mwambie, "Mama, hujakosea popote. Ni mimi." Halafu nyamaza, umwache aseme yake.